Shangazi na Mshale Ulioishia Peupe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Shangazi anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye hati za mshahara. Humu ofisini tumemjua kwa jina hili moja la Shangazi, na hata mkurugenzi, ambaye kiumri ni kaka yake, humwita hivyohivyo.

Programu yetu ya kuchorea mnaijua: mbunifu huchora visanduku, akaviunganisha kwa mishale, akaona kipi kinategemea kipi. Shangazi ndiye aliyeandika sehemu inayohifadhi mchoro na kuufungua tena. Ni kazi isiyopigiwa makofi. Ikienda vizuri hakuna anayeiona. Ikienda kombo, simu hazipoi.

Yeye hasemi kuhifadhi na kufungua. Husema kulaza na kuamsha. Ukimpitia asubuhi, mwanga wa dirisha umejaa mezani, chai imepoa, macho yake yako mawinguni, utadhani amesinzia. Kumbe anawaza mchoro ukilala unakuwa wapi, na utaamkaje bila kupotewa na chochote. Ukimsemesha anakuomba kwa upole usubiri, kuna mtu anaamka. Tulikuwa tunamcheka, kisha tukajikuta na sisi tunatembea kwa kunyata. Mumewe anasema nyumbani ni yaleyale: wajukuu wakihamisha kiti, halali mpaka akirudishe.

Kabla ya kila toleo jipya la programu huuamsha mchoro wa zamani kuliko yote tuliyo nayo. Aliuchora mwenzake wa meza ya jirani, tuliyemwita Upepo kwa sababu alivuma kwa wakati wake, hakuna aliyewahi kumharakisha. Upepo alifariki kazi ikiwa nusu. Mshale wake wa mwisho unatoka kwenye kisanduku na kuishia peupe, haujagusa kitu.

Mwaka mmoja tukajitia usafi. Tuliiagiza programu iondoe, kila inapofungua mchoro, mishale yote isiyofika popote, maana tuliihesabu kuwa makosa. Majaribio yakapita, wateja wakawa wanasubiri, keki ikakatwa. Shangazi akauamsha mchoro wa Upepo. Mshale haukuwepo. Mtu angeuhifadhi mchoro hivyo, mshale ungekuwa umepotea moja kwa moja, na mishale ya wateja vilevile. Akasema toleo halitoki.

Mkurugenzi alikuja juu. Alimweleza kwamba ni mshale mmoja tu, tena wa makosa, wa mtu ambaye hayupo. Shangazi hakupandisha sauti.

"Hakukosea," alisema. "Hakuwa amemaliza."

Toleo likachelewa, keki tukaila hivyohivyo. Tangu siku hiyo programu yetu inaulaza mchoro kama mwenyewe alivyouacha, hata ukiwa nusu. Shukrani nyingi tunazopata zinatoka kwa watu waliorudi kwenye kazi waliyoikatiza, wakaikuta inawasubiri palepale.

Wiki hizi za mwisho alikuwa na wasiwasi mmoja, nao hakuuficha: yeye akiondoka, nani atamkumbuka Upepo kabla ya toleo? Tulimwahidi sote. Alitikisa kichwa kama mama anayeahidiwa na watoto kwamba wataosha vyombo.

Jana mchana alifungua ukurasa mtupu. Akachora kisanduku kimoja, akakiandika "meza ya dirishani", akavuta mshale kutoka hapo kuelekea ukingoni mwa skrini, akauachia njiani. Akauhifadhi mchoro kando ya ule wa Upepo, akazima kompyuta, akaimaliza chai yake ya baridi. Hakuna aliyemuuliza mshale unakwenda wapi.

Shangazi, asante kwa yote uliyotutunzia. Tunakuombea asubuhi ndefu, afya njema na chai ya moto, angalau mara moja. Michoro miwili tutaiamsha kabla ya kila toleo, na mshale wako tutaukuta ulipouacha.