Jikaze, Bitutu

Benchi letu la Ikonge liko penye Kona ya Bitutu, mahali ambapo barabara ikiteremka kutoka kituo cha kuuzia majani chai inapinda ghafla bila sababu. Hakuna mwamba hapo wala mto. Kulikuwa na shamba la maharagwe la bibi mmoja aitwaye Bitutu. Watu wa barabara walipokuja na vigingi vyao, aliketi katikati ya maharagwe yake na hakuinuka, na mwishowe vigingi ndivyo vilivyohama. Bibi alishafariki, kona ipo. Upande mmoja wa benchi anakaa Mzee Yakub na birika lake, mtu wa Kisii mjini aliyekuja kuwauzia kahawa watu wanaolima chai na akafaulu, kazi ya Mungu haina makosa. Upande wa pili ni veranda yangu na cherehani. Mimi Nyanchera si mwanachama wa benchi, ila masikio yangu yalijiunga zamani.

Alasiri hiyo kitukuu cha yule bibi, Bitutu mdogo, wa miaka miwili na kitu, alikuwa ameshika mguu wa benchi. Alisimama kwa vidole, magoti yamebanana, uso umeiva, jasho juu ya mdomo. Baba yake Ombui, fundi wa pikipiki tunayemwita Plagi kwa kuwa kwake kila ugonjwa wa pikipiki ni plagi, alikuwa amechuchumaa mbele yake.

— Jikaze, Magokoro. Jikaze, mama.

Magokoro ni nyanya. Huku kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, hupewa na heshima yake, kwa hiyo wanaume wenye mvi humwita nyanya mtoto ambaye bado anavaa viatu mguu usio wake. Kiswahili anakijua kwa sababu mama yake, Mghoi, ni Mtaita. Nyanya akaambiwa ajikaze, akajikaza. Kisha hali ikapita, akashuka kutoka kwenye vidole vyake, akaenda zake kucheza na poti yake ya choo. Ilikuwa poti nyekundu, na mpaka siku hiyo ilikuwa imebeba maganda ya machungwa na kiatu, lakini si kile ilichonunuliwa kubeba.

— Imepita tena, Plagi akasema.

Hadithi yenyewe Ikonge nzima ilikuwa ikiijua. Mtoto alipata choo kigumu, kikamchana, akalia, na tangu siku hiyo akaamua mambo hayo yamekwisha. Alipozuia kikazidi kukauka, na kilipokauka kikauma zaidi. Nesi wa zahanati akampa dawa tamu ya kulainisha, akasema wapunguze maziwa maana mtoto alikuwa akinywa kikombe baada ya kikombe mchana kutwa, wampe maji na papai, na baada ya chakula aketishwe kwenye poti bila kugombezwa. Akapata nafuu. Kwa furaha wakaacha dawa, na yote yakarudi kwa kishindo. Safari hii Mghoi hajaacha. Asubuhi hiyo alikuwa amempeleka tena, na nesi akamminya tumbo akasema limelainika kabisa. Kilichobaki, alisema, ni mtoto asahau, na kusahau ndiko huchelewa.

Ubaya ni kwamba mama yake Ombui alikuwa njiani kutoka Birongo. Alikuwa anakuja na kipande cha sabuni kilichochongwa, dawa ya kutia nyuma aliyowatia watoto wake wote, naye Ombui akiwemo. Mara ya kwanza ilihitaji watu wawili wa kumshika Bitutu, na mmoja wao alikuwa Ombui. Tangu hapo mtoto akiona mche wa sabuni, hata wa kufulia, anajificha nyuma ya mlango. Mghoi, kabla ya kwenda kupika shuleni, alimwambia mumewe neno moja tu: usimshike tena. Na Ombui hajawahi kumwambia mama yake hapana katika maisha yake. Simu ilikuwa imeshaingia. Mama ameshuka Nyamira, anatafuta pikipiki.

— Mimi nasema ni ile busta ya simu, akaanza Anyona, ambaye jina lake ni Redio kwa sababu hazimwi. Tangu waiweke pale juu, hewa imekauka. Ng'ombe wangu pia amefunga.

— Ng'ombe wako amekula gunia, Yakub akamjibu.

— Gunia lilikuja baadaye.

Thadeus akakohoa. Huyu ni mzee wa kanisa la Katoliki, tunamwita Amina, na hakuna jambo duniani ambalo hana methali yake, iwe inafaa au haifai.

— Tusimlaumu mtoto. Wahenga walisema akiba haiozi.

— Hii ndiyo akiba ya pekee inayooza, Redio akasema.

— Basi penye nia pana njia.

— Njia iko, Thadeus, Yakub akasema. Nesi ameifungua. Nia ndiyo imekataa.

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huwachosha haraka wale wa benchi. Redio akaacha busta, akapanda juu zaidi. Akasema wanapoteza muda na papai. Mtoto huyu amerithi. Bibi Bitutu wa kwanza hakuachilia kitu. Alikataa fidia, akakataa kuhama, hata meno yake alikufa nayo yote. Jina limeshuka na tabia yake. Kwa hiyo dawa ni kwenda kaburini kumwomba bibi amwachilie mtoto ili mtoto naye aachilie.

— Utamwambia nini? Plagi akauliza, na nikaona anauliza kwa dhati.

— Nitamwambia barabara ilishapita, hakuna mtu anataka shamba yako tena. Legeza.

Mahali pengine tungecheka. Hatukucheka, kwa sababu wakati huo hali ilikuwa imemrudia. Bitutu aliacha poti, akaushika tena mguu wa benchi, akapanda juu ya vidole. Mwili wote ulitetemeka. Mikono midogo ilikuwa imeubana mguu huo mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Nimeona wanaume wakibeba magunia ya majani mabichi kupanda mlima ule, sijaona mtu akifanya kazi kama ile. Mtoto asiyefika kiunoni pangu alikuwa amemshinda nesi, mama, baba, papai na nyumba nzima, na alikuwa akishinda tena mbele ya macho yetu. Nilimwogopa kidogo, nasema ukweli.

— Jikaze, Magokoro, Thadeus akasema kwa sauti ya ibada.

— Jikaze, mama, akasema Redio.

— Jikaze, Plagi akasema. Mimi huona injini zikikataa kila siku. Lakini injini haikuangalii ikikataa. Huyu ananiangalia, Nyanchera. Anafikiri ni mimi niliyemuumiza. Na ni kweli nilimshika.

Ndipo akafika Hodan, mama wa Kisii mjini anayeniletea vitambaa, na marobota yake nyuma ya pikipiki. Alitusalimia wote, akaomba kahawa, akasimama akimtazama mtoto. Hakuwa na habari ya dawa, ya nesi, wala ya kaburi.

— Samahani wazee, akasema. Mbona mnamwambia ajikaze? Si ndilo analofanya?

Redio alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo halijawahi kuonekana Ikonge. Yakub alikuwa akimimina, akaacha kumimina.

Neno lenyewe nilikuwa nimelisema mara ngapi? Mtoto akianguka, jikaze. Mtu akifiwa, jikaze. Mwanamke akiwa katika uchungu wa kuzaa, jikaze. Tulidhani mtoto anasukuma, tukamshangilia. Kumbe alikuwa akifunga mlango, na kila tulipofungua midomo yetu tulimwongezea nguvu za kuufunga. Yule tuliyemwita mkaidi ndiye aliyekuwa mtiifu kuliko watoto wote wa Nyamira. Tulimwambia akaze, akakaza. Nilishika kitambaa mapajani nikahisi machozi, na aibu yangu ilikuwa kubwa.

— Sasa nimwambie nini? Plagi akauliza.

Benchi likatafuta neno. Thadeus akajaribu kusema legea, mama, lakini likatoka kwenye ulimi wake likiwa limepinda, maana huku kwetu kulegea ni tusi. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto wake alegee. Bitutu mwenyewe alimtazama tu. Hilo neno hajafundishwa na mtu.

Simu ya Plagi ikalia. Mama yake alikuwa ameshalipita soko la kwanza. Alisema waandae beseni na maji vuguvugu.

Plagi akairudisha simu mfukoni. Akainua kikombe chake ili ashike kitu. Na hapo Bitutu, ingawa alikuwa bado juu ya vidole, akamjia. Kila jioni ana kazi moja kwenye benchi hili, na haiachi hata akiwa na homa: kupuliza kahawa ya baba. Akasogeza uso wake ulioiva, akapuliza.

Visigino vyake vikashuka.

Akapuliza tena. Magoti yakaachana. Kisha akashtuka, akafunga mdomo, na visigino vikapanda juu mara moja. Plagi alikuwa ameona. Mimi nilikuwa nimeona. Nilimtazama Hodan, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

Plagi hakusema jikaze wala legea. Aliivuta poti, akatoa kiatu na maganda, akaiweka mbele yake pale chini.

— Magokoro, kahawa ya baba ni moto sana leo. Njoo ukae hapa unipulizie.

Bitutu akaitazama poti, akamtazama baba yake. Yakub, mzee mwerevu, alichukua kile kikombe, akakizimua kwa maji baridi huku amegeuka, akakirudisha kwa tahadhari ya mtu aliyebeba moto. Hodan alikuwa ameshafungua robota lake. Akakunjua kitambaa kipya cha maua ya buluu, akanishikisha ncha moja, tukasimama nacho katikati ya benchi na mtoto, tukampa chumba chake. Wanaume wakageuza nyuso wakatazama kona.

Sikuweza kuacha kuchungulia. Bitutu alikaa. Nyayo zake zilikanyaga chini vizuri, gauni limemfunika magoti. Baba yake alishika kikombe mbele ya mdomo wake. Akapuliza mara moja, akasita.

— Yao si moto? akauliza.

— Yote ni moto, Magokoro, Yakub akajibu bila kugeuka.

— Mbona hawapulizi?

Basi wakapuliza. Redio alipuliza, Thadeus alipuliza, Yakub alijimiminia kutoka kwenye birika akapuliza chake, na yule kijana wa pikipiki aliyemleta Hodan akaomba kikombe naye akapuliza. Mtoto akisikia wanapuliza, naye anapuliza. Wakinywa, wanaongezwa, wanapuliza tena. Hali ikamjia. Niliiona ikimjia usoni, nikaona vidole vya miguu vikitaka kupanda, nikaona macho yake yakimtafuta baba kwa hofu ambayo sitaisahau. Plagi hakumshika. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kikombe, na alikuwa akipuliza pamoja naye, paji kwa paji, taratibu, machozi yakimwingia ndevuni.

Birika likaisha. Vikombe vikaisha. Hakuna aliyethubutu kuacha.

Pikipiki ikasimama penye kona. Mama yake Ombui akashuka, mfuko wa kiondo begani, akanyoosha mgongo wake wa safari. Akaona wanaume wazima wamepangana kwenye benchi, mashavu yamevimba, wanapuliza vikombe visivyo na kitu. Akaona wanawake wawili wameshika kitambaa cha maua. Akasogea akachungulia kikombe cha Thadeus mpaka chini.

— Ninyi, akauliza, mnapuliza nini?

Nilingoja mmoja wao amjibu. Wale waliokuwa na majibu ya busta, ya kaburi na ya akiba walimtazama yule mama kwa macho makubwa, wakaendelea kupuliza.

Kisha nyuma ya kitambaa tukasikia sauti ya mtoto, ndogo, yenye mshangao mkubwa kuliko wetu sote.

— Baba. Haijauma.

Ombui akaweka kikombe chini. Mama yake alishusha kiondo chenye ile sabuni polepole, akakisukuma chini ya benchi kwa mguu. Nikamtazama Thadeus, nikisubiri methali. Alikuwa amevua kofia, bado anapuliza kikombe kitupu.