Uwanja Huu Ni Wetu Pia

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, Bwana Gachau mwenyekiti wa kamati ya uwanja, kocha Barasa na vijana wako, majirani wote wa Gatongora, na nyinyi akina mama wenzangu: hamjambo!

Mimi ni Zubeida, muuza mitumba hapo steji ya matatu, na nimesimama kwa niaba ya kikundi chetu cha mazoezi. Kwenye ratiba nimeandikiwa "neno la shukrani". Nitashukuru, msijali, lakini kwanza nitasema.

Leo tunafungua uwanja wa kukimbilia, na ni mzuri, haki ya Mungu. Lakini nani kati yenu hakuona kibao pale langoni? "Wanariadha pekee." Nilimuuliza Bwana Gachau: na sisi je, tuliofanya mazoezi hapa tangu pakiwa vumbi na kokoto? Akanijibu kwa upole wake, "Mama, nyinyi mnatoa jasho tu. Wanariadha ni hawa vijana. Nyinyi mkimbilie kando ya barabara ya baipasi."

Jasho tu! Ni kweli, zamani ilikuwa hivyo. Kila Jumamosi tulitembea hadi Kamakis na fulana zetu za kufanana, tukifika tunajipongeza kwa mbavu za mbuzi na soda, halafu tunarudi tumepakiwa kwenye pikipiki, hizi nduthi zetu. Ngai! Kisha tunashangaa mbona nguo zinatubana. Mnacheka? Chekeni, hata sisi tulicheka.

Aliyetuamsha ni Waceke, huyu Mama Lynn aliyekaa hapo mbele. Anaishi ghorofa ya juu kabisa, na magoti yalipoanza kumsumbua, alikuwa anakaa kwenye ngazi avute pumzi huku majirani wakimpita na kumwambia pole. Wanawe wakataka ahamie nyumba ya chini. Alikataa kata kata. Akamwendea kocha Barasa, akamwambia, "Vijana wako wakiwa na mashindano unawaandaa vipi? Mimi nina mashindano na ngazi." Kocha hakumcheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimfundisha kupasha mwili moto, kuimarisha mapaja, kulala mapema, na kupumzika siku ya kupumzika bila kujiita mvivu. Naye akaja akatufundisha sisi. Tangu hapo, kwenye chama chetu anayechelewa hatozwi faini, anaongezwa mzunguko. Na Mama Lynn? Siku hizi anapanda hadi mlangoni kwake na mfuko wa unga begani, na majirani wale wale ndio anaowaambia pole.

Sasa niambieni, mwanariadha ni nani? Ni mwenye namba kifuani, au ni yule anayejua anafanyia nini mazoezi, anayejipima na jana yake, anayeshindwa leo na kesho asubuhi yuko hapa tena? Sisi hatutafuti medali. Tunataka kuinuka kitini bila kushikwa mkono, tunataka kubeba wajukuu wetu, na kwa hilo tunafanya kazi kwa nidhamu ile ile ya hawa vijana. Nimekasirika, wallahi, sitaficha. Siendi kukimbizana na malori ili uwanja ubaki kupendeza kwenye picha!

Vijana wangu, hatuwanyang'anyi kitu. Saa zenu ni zenu, na siku ya mashindano tutawapigia makofi mpaka viganja viume. Lakini alfajiri ni yetu, na hatuombi ruhusa.

Mheshimiwa, shukrani kwa uwanja. Kocha, shukrani kwa moyo wako. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Naambiwa kinachofuata ni chakula. Chakula kingoje kidogo. Akina mama, vueni vitenge, najua nguo za mazoezi mmezivaa ndani. Mama Lynn, tangulia. Bwana Gachau, ukitaka kututoa uwanjani, anza kwa kumshika huyo.