Sakafu ya Kumlaza Mama Mkwe

Ndani ya basi la kwenda mji wa Jecheon, mjane Pil-lye alipakata Biblia yake akiwasikiliza wanawake wawili wa kiti cha mbele, wake wa ndugu wawili. Yule mdogo alikuwa amebomoa sakafu ili atandike upya mabomba ya maji ya moto yanayopita chini yake kuwapasha joto wanaolala juu.

"Nimeweka ya shaba, dada. Ukiwasha tu, mgongo unapata joto. Baridi hii mama atalala kwangu."

"Shaba huvuja kwenye viungio," mkubwa alisema bila kugeuka. "Yangu ya plastiki hayana kiungio hata kimoja."

"Na yanapasha lini, miti ikichanua?"

"Miaka tisa mama amelala kwangu, hajakohoa. Wewe umenunua shaba, au unataka kumnunua mama?"

Mdogo alitazama dirishani. "Hata mimi nimeolewa na mwanawe."

Pil-lye alisikia wivu ukimpanda, akamwomba Mungu amsamehe. Sakafu yake ilikuwa na joto tangu vuli, na hakuna aliyegombea kuilalia.

Basi likasimama sokoni. Wale wawili wakashuka wakibishana, mkubwa amemshika mdogo mkono asiteleze kwenye barafu.