Ukoo Niliopewa Kwenye Kitabu cha Masista

Ndugu zangu, akina mama na akina baba mliofika, amani iwe kwenu. Mwenyekiti amenipa nafasi na kuniomba nisizidishe muda. Mimi namjua, akikohoa mara mbili nitaketi. Wengi wenu mnanifahamu kwa mgongo, kwa sababu mkipita sokoni Busia mnanikuta nimeinamia cherehani pale barazani kwa duka la vitambaa. Hata nikiangalia hapa mbele naona gauni za gomesi saba nilizoshona mimi, na moja imeshonwa vibaya. Mwenyewe anajijua. Leo atasikia sababu.

Sitataja jina la mtu. Ninaowasema wako hai, na wengine wako humu ndani.

Mwaka jana binti yangu wa kwanza aliniambia amepata mtu. Ni mwalimu, kwao ni upande wa Butula, si mbali na soko la Khunyangu. Alikuja kwetu akala samaki akamaliza hata kichwa, na mimi mtu anayemaliza kichwa cha samaki nampenda. Mume wangu, ambaye anafanya kazi ya reli huko Malaba na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, naye alimpenda. Tukasema sawa, wazee wapange siku.

Lakini mnajua desturi yetu. Kabla wazee hawajakaa kuzungumza mambo ya ng'ombe, masenge wa kijana, yaani shangazi zake, hutangulia kuja kunywa chai, na ile chai si chai, ni maswali. Wanauliza ukoo wa baba ya msichana, halafu wanauliza ukoo wa mama yake. Kama kijana ni wa ukoo uliomzaa mama ya msichana, hakuna ndoa. Hao ni ndugu, damu ni moja, na watu wetu hawana mchezo na jambo hilo.

Walikuja masenge watatu. Mkubwa wao aliniangalia vizuri akaniuliza, "Na wewe mama, kwenu ni kwa nani?" Nikamjibu hapo hapo kwamba kwetu ni Namboboto, nikataja ukoo wa mzee aliyenilea. Hata sikumeza mate. Wakaitikia kwa kichwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Walipopita kona nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda.

Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho hata mume wangu hakukijua kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu. Mimi si mtoto wa Namboboto. Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, mama aliyenilea alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, aliniita akaniambia kwamba hakunizaa. Yeye na mzee hawakujaliwa mtoto, basi walikwenda kunitoa kwa masista, kwenye nyumba ya watoto iliyokuwa upande wa Malaba. Wakati huo nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele. Nikamuuliza, mama yangu ni nani? Akasema hakuuliza, maana aliogopa akiuliza sana masista watabadilisha mawazo. Siku ya tatu tukamzika.

Nilijaribu kuikumbuka hiyo nyumba. Nilipata vitanda vingi vimepangwa mstari, uji wa maziwa, na mkono wa mwanamke ukinipangusa pua kwa nguvu. Basi. Mtu ameishi mahali miaka mitano au sita na hana hata sura moja ya kukumbuka. Nikaona haya. Mnajua vile watu hapa kwetu wanamsema mtoto ambaye hajulikani alikotoka, na wakigombana naye ndilo tusi la kwanza. Nikaamua kufunga mdomo. Niliufunga vizuri mpaka ile siku ya chai.

Sasa hofu ikaja. Je, kama ukoo wangu wa kweli ni wa yule kijana? Nilianza kumwangalia mwalimu masikio, vidole, vile anavyocheka, nikitafuta kama tunafanana. Cherehani nayo ikaniasi. Ndiyo siku hizo nilishona ile gomesi yenye mabega yaliyoanguka, na wewe mwenyewe ukaivaa hivyo hivyo kwa upole wako. Nisamehe, dada.

Mwenye duka ninaloketi barazani kwake, dada yetu Mwislamu, aliona. Aliniita ndani, akanipa chai ya tangawizi, akaniambia nguo za wateja haziwezi kuendelea kuteseka namna hiyo, kuna nini? Nikamweleza yote. Alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia. Hakunihurumia hata kidogo. Alisema ninaogopa kitu ambacho sijakiona, kwa hiyo niende nikakione. Jumamosi hiyo mume wake, ambaye ana lori la mizigo, alinipakia mbele akanishusha Malaba. Mnakumbuka mwaka jana ulivyokuwa. Upande wa pili wa mpaka hakukuwa na sabuni wala chumvi, askari wamejaa mpakani, kila mtu anaulizwa anatoka wapi na yeye ni mtu wa nani. Kila nikisikia swali hilo, hata likiulizwa mtu mwingine, niliangalia chini.

Nyumba ya watoto ilifungwa zamani, sasa ni bweni la wasichana wa shule. Lakini padri mmoja mzee alikuwa na vitabu vyake. Nilimpa jina langu la ubatizo na jina la mama wa Namboboto, akapekua karatasi zilizoliwa na mende, akanipata. Akasoma polepole: mtoto wa kike, wiki mbili, mama amefariki kwa uzazi, ameletwa na mtu fulani, ukoo fulani.

Ndugu zangu, ukoo huo ulikuwa wa yule mwalimu.

Nikamwomba padri asome tena. Akasoma tena, na kitabu hakikubadilika. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za lile bweni. Wasichana walikuwa wakinipita na ndoo zao za maji, wananisalimia, na mimi naangalia ndoo tu.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka. Kuwa mtoto wa masista si kosa langu. Kosa langu ni nililolifanya baadaye. Ningeweza kurudi nyumbani niseme ukweli, ndoa ivunjike kwa heshima. Lakini nikisema ukweli, masenge watajua nilidanganya, mume wangu atajua, soko lote litajua. Basi nikatafuta njia ya kuvunja ndoa bila kujivunja mimi. Nikamwambia binti yangu kwamba nimesikia mwalimu ana mke mwingine kule alikofundisha zamani.

Nilimwambia huku namwangalia machoni. Alilia, akaniuliza nani amesema, nikajibu ni wateja. Akaenda kumuuliza mwalimu, mwalimu akakana, akarudi kwangu, nami nikakaza. Mwishowe alifunga nguo zake akahamia kwa shangazi yake, na kunisalimia akaacha.

Mwalimu mwenyewe alikuja barazani siku ya soko. Alisimama akaniambia, "Mama, kama nimekosa, nionyeshe kosa nilitengeneze." Nilikuwa nazungusha gurudumu la cherehani na uzi haumo. Alingoja kidogo, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Siku hiyo nilijichukia kabisa.

Mume wangu aliporudi mwisho wa wiki akakuta nyumba imekuwa baridi. Akauliza msichana yuko wapi. Nilifungua mdomo nimpe ule uongo wa wateja, nao ukakataa kutoka. Nikaanza kulia, nikamweleza kuanzia Namboboto mpaka kwa padri. Nilikuwa nimeshajitayarisha kufukuzwa, nawaambia, hata kitambaa cha kichwa nilikuwa nimefunga.

Alinifungua kile kitambaa cha kichwa, akasema, "Miaka yote hii nimekula kwa mkono wako, leo ndio nianze kuuliza umetoka wapi?" Halafu akauliza swali ambalo mimi katika woga wangu sikuliuliza. Huyo aliyekuleta kwa masista alikuwa nani wako? Nikasema sijui, si ndiye baba? Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba wakati wa mzungu alipokwenda kuchukua kipande chake, ile karatasi ya kitambulisho, alisindikizwa na rafiki aliyejua kuongea na karani, na karani akaandika ukoo na lokesheni ya yule rafiki. Mpaka leo kipande chake kinasema yeye ni mtu wa mahali ambapo hajawahi kulala. Makarani wa siku hizo waliandika aliyesimama mbele yao.

Sikutaka kuamini, maana matumaini nayo yanatisha. Lakini yeye anawajua watu wa Malaba. Aliulizauliza, na wiki iliyofuata akanipeleka kwa bibi mmoja Mteso anayeuza nafaka ya wimbi sokoni, ambaye zamani alikuwa yaya kwa masista. Kila mtu humwita Toto, ambalo kwa Kiteso ni mama. Nikamsalimia. Kama angesema neno moja baya, ndoa ya binti yangu ndio basi.

Bibi alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema sura hazikumbuki, watoto walikuwa wengi. Kisha akauliza nililetwaje. Nikamtajia jina la yule mtu wa kwenye kitabu, na hapo akacheka. "Mtu wa baiskeli! Wewe ni yule mtoto aliyenuka samaki."

Akatueleza. Mama yangu alipokufa, baba yangu hakuruhusiwa kutoka nyumbani kwake kabla matanga hayajaisha, ndivyo desturi ilivyomtaka, na mtoto hakuweza kungoja. Yule mtu alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa Butula, aliyekuwa akienda Sio Port, kule ziwani, kununua samaki kwa baiskeli. Alikubali kunibeba. Alipofika, karani akamuuliza ukoo, naye akataja wake kwa sababu ndiye aliyeulizwa. Baada ya matanga baba yangu alikuja mwenyewe, na alikuwa akija kila baada ya miezi michache na furushi la samaki wakavu. Toto alikuwa akitaniana naye, na ukoo wake aliujua, akautaja. Ni wa wavuvi wa Sio Port. Hauna undugu wowote na mwalimu. Halafu mwaka mmoja baba hakuja tena, na wakasikia ziwa limemchukua.

Mume wangu alinishika mkono pale sokoni mbele ya watu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Lakini hofu haikutoka yote. Bibi ni mzee, nikasema, huenda amechanganya. Basi tukaenda Sio Port, ambako nimekuwa nikinunua omena, wale dagaa wetu, maisha yangu yote bila kujua ninanunua kwa nani. Toto alikuwa ametupa jina la baba yangu, tukaulizia mpaka tukampata dada yake. Alisema kaka yake alikuwa na mtoto kwa masista, lakini alikufa bila kuwaambia ni masista gani. Alinitajia ukoo kabla sijamtajia mimi, ukawa ule ule wa Toto. Nililia mpaka akaniambia nitamwagia omena zake maji.

Ilibaki safari moja, na hiyo niliiogopa kuliko zote. Nilikwenda Butula kwa wale masenge watatu. Nilipiga magoti nikasema nilidanganya juu ya ukoo wangu, na nilimsingizia kijana wao mke ambaye hayuko. Nikawaeleza kitabu, baiskeli, Sio Port, yote. Senge mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema siku ile ya chai waliona kwamba jibu langu lilikuja haraka mno, mtu akiulizwa kwao huwa anakaa akawaza kwanza. Akaniomba nirudie jina la mtu wa baiskeli. Nikarudia. Akafunika uso kwa leso yake.

"Huyo alikuwa baba yetu," akasema.

Alinisimulia vile mzee alivyokuwa akiwaambia wakiwa wadogo. Aliondoa samaki kwenye tenga, akatandika majani ya migomba na shuka, akaniweka humo. Alisafiri siku mbili. Kila boma alilosikia mtoto analia alisimama akaomba mama wa hapo aninyonyeshe kidogo. Na kila mteremko alikuwa akishuka kwenye baiskeli na kuweka kidole chini ya pua yangu kuona kama bado napumua. Alikufa bila kujua kama yule mtoto aliishi.

Ndugu zangu, jina lililonitia hofu nusura niue furaha ya mtoto wangu, lilikuwa jina la mtu aliyeniokoa. Ningeliuliza mapema, ningelijua mapema. Funzo langu ni hilo tu, sina lingine kubwa. Kama kuna jambo lako unalolificha kwa haya, liulize ungali na watu wa kukujibu, na usimpe mtoto wako alipie woga wako.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenye duka, na padri, na Toto wa Malaba, na mume wangu. Nawashukuru wale masenge, waliokubali ndoa iendelee, na mwalimu, ambaye alinisamehe kabla sijamaliza sentensi.

Binti yangu bado. Alirudi nyumbani, ananisalimia, lakini hajasema amenisamehe, nami simlazimishi. Amekaa kule nyuma karibu na mlango. Tafadhali msigeuke. Asubuhi ya leo alikuja barazani, akaweka kitambaa cheupe juu ya cherehani yangu, akasimama wima na kunyoosha mikono nimpime.