Msumeno Uliovuta Kulia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa misumeno aliyetutoka Jumanne iliyopita. Narudia: si fundi wa mbao. Alikuwa fundi wa misumeno. Wateja walimwita Babu Tupa, kwa sababu ya ile tupa ya kunolea isiyotoka mfukoni mwake.

Maseremala mnajua. Kuna msumeno wa kupasua mbao kwa urefu, na kuna wa kuzikata kwa upana. Babu Tupa alitengeneza mmoja mfupi, uliofanya kazi zote mbili. Alinoa jino moja moja, kwa mkono. Mkewe alikuwa akimtania, "Mimi ulinioa siku moja, msumeno unauposa wiki nzima!"

Binti yao wa mwisho alikulia kwenye karakana hiyo. Miaka kumi alifagia vumbi la chuma, akashika taa, akatazama. Kunoa? Hakuruhusiwa. Kisha mikono ya baba ikaanza kutetemeka, na msumeno wa mwisho, ulioagizwa na seremala mmoja, ulikuwa bado butu.

"Noa wewe," baba alimwambia kutoka kitandani. "Seremala akiukataa, tunafunga karakana. Sitaki jina langu liuze mabati yasiyokata."

Binti akanoa. Akakatia mbao, akampelekea baba kipande. Mzee akapitisha kidole gumba kwenye mkato, akacheka mpaka akakohoa.

"Unavuta kulia, mama. Umenoa upande mmoja tu, hukuugeuza."

"Nilikuwa na haraka, baba."

"Haraka ya nini, nimekwambia nakufa leo? Chukua jiwe la kunolea, lipitishe ubavuni mwa meno, upande wa kulia. Mara moja tu, usirudie! Hupigi pasi."

Binti anasimulia: "Nilipitisha mara moja. Mkono ukaniwasha, unataka kurudia. Nikaukalia."

Jamani, aliukalia huo mkono kweli, hapo kwenye kigoda.

Asubuhi seremala akaja. Akapasua, akakata, akachonga ulimi wa mbao na kuulenga kwenye tundu lake. Ulimi ukazama kwa kusukumwa na kiganja tu, bila nyundo.

"Mzee mkono bado anao," seremala akasema.

Sauti ya mzee ikatoka chumbani: "Mkono gani? Aliyenoa ndiye huyo aliyekufungulia mlango!"

Seremala akavua kofia. "Kumbe! Basi dada, nyumbani nina mingine minne, vibogoyo vitupu. Kesho nakuletea."

Siku nne baadaye, Babu Tupa akalala, hakuamka.

Kwa mama mjane, kwa watoto, kwa wajukuu: poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki na ujuzi mikononi, tujiulize tukiwa bado na pumzi: ni nani tumempa nafasi ya kukosea, nasi tupo hapa kumwelekeza?