Maisha ya Mama Cicily Gatakaa Kiunga, Aliyeuliza Kabla ya Kuamini

Mama Cicily, ambaye leo tunamsindikiza, aliwaagiza watoto wake mapema kwamba wasifu wake usiwe wa sifa tupu. "Mkinisifu sana watu watashuku," alisema. "Mimi mwenyewe ningeshuku." Kwa hiyo yanayosomwa hapa ni yale aliyoyasimulia kwa kinywa chake, mengine yakiwa yale aliyozoea kuwaambia akina mama wa kanisa.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1962 huko Kibirichia, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Runji na marehemu Mama Kagwiria, wakulima wa viazi. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akalimeza. Alipotumwa kuchukua mbegu kwa jirani, alimwaga gunia lote chini, kwa sababu viazi vya juu, alisema, vimewekwa pale vionekane. Jirani alikasirika. Mzee Runji alicheka, na tangu siku hiyo hakwenda kununua mbegu bila Gatakaa.

Alianza shule mwaka 1969, akafanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1975 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1979. Alisomea ualimu mjini Embu kuanzia 1981 hadi 1982, na Januari 1983 akapelekwa kufundisha Siakago. Msichana aliyezoea baridi ya Kibirichia alilia kwa joto majuma ya kwanza, lakini alikaa. Watoto walimpa jina la Mwalimu Kwa Nini, maana hata jibu likiwa sahihi alitaka kujua limetoka wapi.

Huko Siakago ndiko alikokutana na mwinjilisti kijana kutoka Kiirua, Gedion Kiunga. Kijana alipomposa, Mwalimu alisema atafikiria, kisha akamtuma mjomba wake Kiirua kuuliza kama mtu huyo hana mke mwingine. Mjomba alirudi na habari kwamba hana mke wala kitu, isipokuwa baiskeli. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, na Mungu akawajalia watoto watatu: Kanana, Mukiri na Lorna.

Mwaka 2008 Kiunga, sasa akiwa mchungaji, alirudi kutoka mkutano wa kanisa akasema wameombwa kwenda Scotland, kulea ushirika mdogo uliokosa mchungaji.

"Si huko ndiko Injili ilikotoka?" aliuliza Mama Cicily. "Kwani waliimaliza?"

Hakuona wito wowote, na alimwambia hivyo wazi. Alimwambia pia kwamba atakwenda, kwa kuwa wito wa mumewe alikuwa ameuchunguza tangu Siakago na hakuona kasoro.

Walifika Januari 2009, pamoja na Lorna aliyekuwa na miaka kumi, katika mji mdogo wa kaskazini ambako jua lilitua kabla ya saa kumi na moja jioni. Washarika walikuwa wachache, wengi wao wazee. Waliwasalimu mlangoni mwa kanisa kwa tabasamu, kisha kila mtu akaenda kwake na kufunga mlango. Kila asubuhi familia ilisali kwenye meza ya jikoni. Mama aliomba kwa Kimeru, Lorna akaitikia kwa Kiingereza. Mama Cicily alipika mukimo, viazi vya kuponda na mboga, akitia kabichi kwa kukosa majani ya nyumbani, akampelekea jirani sahani iliyojaa. Sahani ilirudi imeoshwa ikang'aa, na ndani hamna kitu. Kwao sahani ya jirani hairudishwi hivyo. Aliiweka kabatini akajua, au alidhani anajua, kwamba hawatakiwi.

Tena alikuwa amesikia habari za Bwana Murdo, mzee wa kanisa aliyesimama mkutanoni kabla hawajafika na kusema, "Sisi ndio tuliowapelekea wao wamishenari. Hatujafika mahali pa kuletewa."

Majira ya baridi ya mwisho wa 2010, Mchungaji alianza kutoka kila Jumanne baada ya chakula cha mchana.

"Unaenda wapi?"

"Kwenye huduma."

"Kwa nani?"

"Hilo siwezi kusema, Mwalimu."

Alirudi akinukia mafuta ya maua ya kina mama. Siku moja alirudi na uzi mwekundu umenasa kwenye koti. Na kila Jumatano asubuhi, mkate uliofungwa kwa kitambaa safi uliachwa mlangoni, bila mtu kubisha. Mama Cicily aliunganisha mambo hayo mwenyewe. Ni mwanamke gani anayeoka mkate na kuuleta kimyakimya baada ya kutembelewa? Mikate ile hakuigusa. Aliwatupia ndege wa baharini nyuma ya nyumba, hadi Mchungaji akamkuta.

"Hata hao ndege hawajafa," alisema.

Mama Cicily hakucheka. Alipanga nguo zake na za Lorna katika begi, akalisukuma chini ya kitanda, akanuia kurudi Kenya Pasaka ikifika. Sala ya asubuhi hakuiacha, ila aliomba macho yakiwa wazi, akimtazama mumewe.

Jumanne moja ya Februari 2011 alivaa koti na kumfuata kwa mbali, mvua ya barafu ikimpiga usoni. Alimwona akifika kwenye nyumba yenye lango la kijani na kuingia bila kupiga hodi. Alisema baadaye kwamba hilo la kutopiga hodi ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa bado amesimama langoni alipofika Bwana Murdo, amebeba mifuko ya dukani.

"Hapa ni kwa nani?" Mama Cicily alimuuliza, hata salamu hakutoa.

"Kwangu," mzee alijibu. Aliweka mifuko chini. "Mke wangu hanitambui tena. Mumeo hukaa naye nikienda kununua chakula. Mimi ndiye niliyemwomba asimwambie mtu. Niliona aibu, baada ya yale niliyosema juu yenu."

"Na mikate?"

"Naoka mimi. Naiacha mlangoni kwa sababu nikibisha sijui niseme nini. Najua si mizuri."

"Sijui kama si mizuri," alisema Mama Cicily. "Sijawahi kuionja."

Ndani alimkuta Mchungaji ameketi kwenye kigoda, mikono ameinyoosha mbele na uzi mwekundu umezungushwa, huku mke wa Bwana Murdo, Bibi Effie, akiukunja kuwa mpira na kumwita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani.

Walianza kurudi nyumbani, wakafika darajani. Hapo Mama Cicily alisimama.

"Ungeniambia."

"Nilimpa yule mzee neno langu."

"Na mimi mwaka wa themanini na sita ulinipa nini?"

Mchungaji alimwomba msamaha palepale kwenye baridi. Naye akamwambia habari za begi, na walipofika wakalifungua pamoja.

Tangu hapo Jumanne zikawa za Mama Cicily. Bibi Effie alimpokea kila mara kwa swali lilelile: "Wewe ni nani, na unataka nini nyumbani kwangu?" Mama Cicily alilipenda sana swali hilo. Alimjibu kila mara kwa heshima kwamba yeye ni jirani, kisha akaimba nyimbo za kanisa kwa Kimeru, na Bibi Effie, ambaye hakujua Kimeru hata neno, akafuatisha sauti bila kukosea, kwa kuwa sauti hizo alizijua kwao tangu utoto. Bibi alipofariki mwaka 2013, Bwana Murdo aliwachagua wa kushika kamba za kuteremsha jeneza, kama ilivyo desturi yao. Kamba moja alimpa Mama Cicily.

Walirudi Kenya Julai 2016 na kukaa Kibirichia, alikolima viazi na kuongoza akina mama. Wapo waliomshuku kwamba ameficha mali ya Ulaya. Aliwakaribisha waingie waangalie kila chumba, na wengine waliingia kweli.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Meru kwa miaka miwili, na hakuna dawa aliyoimeza kabla ya kumuuliza daktari kama angempa mama yake mzazi. Juma la mwisho mchungaji kijana alikuja kumwombea, akafumba macho akaanza kuomba uponyaji. Mama Cicily akamgusa mkono.

"Hujaniuliza nataka nini."

"Unataka nini, Mama?"

"Muombee Kiunga. Hajui kupika, na hawezi kuomba msaada."

Kijana aliomba hivyo. Mama Cicily aliitikia amina akiwa amefumba macho. Alilala alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume wake, Mchungaji Gedion Kiunga, watoto wake Kanana, Mukiri na Lorna Kagwiria, wajukuu wanne, na dada na kaka zake wa Kibirichia. Familia inawaomba majirani mlio hapa: mkipita kwa Mchungaji msingoje kuitwa. Pigeni hodi, mwingie, mle naye.

Bwana aliyekupa akili ya kuuliza, Mama, akupokee na kukupumzisha kwa amani.