Siku Nilipomstaafisha Ledama

Austin, zima hiyo redio ukae. Yvonne, mwambie mama yako aepue uji aje asikie, maana nitakayosema yanamhusu pia, na wewe Sandra weka simu hapa karibu na mto inase sauti yangu ingali sauti. Nyamazeni mnisikilize, wanangu. Daktari aliwaambia ninyi maneno marefu huko nje, lakini mimi alinitazama tu akanipapasa mkono, na mtu aliyetibu ng'ombe miaka thelathini na saba anajua maana ya kupapaswa hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwapapasa wengi.

Mali kwanza, maana najua masikio yenu yako huko. Nyumba hii ya Kitengela ni ya mama yenu Priscilla mpaka siku yake, na asisukumwe na mtu hata kwa chumba kimoja. Zile nyumba za kupangisha hapo nyuma mtagawana sawa ninyi watatu, wasichana na mvulana, na asije mtu kuniletea maneno ya mila kaburini. Hayo yameisha. Lakini ng'ombe wa Kisaju na malisho yao siwaachii, kwa kuwa si wangu. Ni wa baba yenu mdogo, Ledama. Austin, usinune sasa. Ngoja nimalize, ndipo unune vizuri.

Mnajua ni kwa nini mimi nilisoma? Chifu alipopita akidai kila boma litoe mtoto mmoja wa shule, baba yetu alitutazama sisi wawili kama mtu anayechagua mbuzi wa kumpa mgeni asiyempenda. Wiki hiyo nilikuwa nimepitiwa na usingizi malishoni, na fisi akabeba ndama wawili. Ledama hakuwa amefika miaka minane, na tayari alimwita kila ng'ombe kwa jina lake na jina la mamake. Mzee akasema, "Mpelekeni Sironka. Huyu hata akipotea si hasara." Hivyo ndivyo mimi nilivyopata elimu, na hivyo ndivyo Ledama alivyobaki na fimbo. Nikawa ofisa wa mifugo, nikahamishwa huku na huku mpaka nikarudi ofisi ya Kajiado, na miaka hiyo yote ng'ombe wa baba waliongezeka mikononi mwa Ledama. Mlisoma kwa jasho lake kuliko langu. Nilikuwa nikipita Kisaju Jumamosi moja kwa mwezi, nanyweshwa maziwa, natoa mashauri, naondoka.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu ninyi pia mtastaafu, na wewe Austin hupo mbali sana na siku hiyo. Mimi nilijiandaa. Asiseme mtu kwamba Sironka alishtukizwa. Miaka kumi kabla ya barua ya kustaafu, nilinunua kitabu kikubwa chenye jalada la kijani nikaanza kupanga: nyumba, tangi la maji, dume la kisasa, nyasi za kukata, saa ya kuamka na saa ya kulala. Nilikuwa nikiwahubiria vijana wa ofisini kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini katika kurasa zote hizo, wanangu, jina la Ledama halikuwamo. Sikulikataa. Halikunijia tu, kama vile mtu anavyochora ramani ya nyumba asichore ardhi inayoibeba.

Wakaniaga. Mlikuwepo, mliona hema, keki, hotuba, shuka nyekundu wakanivika mabegani. Nikarudi hapa Kitengela, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikaamka nikavaa tai. Mama yenu alinivumilia wiki mbili. Nilipanga sufuria zake upya kwa ukubwa, nikamfundisha kuosha mchele aliouosha kabla sijamjua, mpaka asubuhi moja akaweka mwiko chini akaniambia, "Sironka, hapa jikoni hakuna cheo kilichobaki wazi." Cheka, Priscilla, una haki. Basi nikachukua kitabu changu nikaenda Kisaju kutafuta cheo.

Na nilikipata, kwa sababu nilimnyang'anya mwenyewe. Niliandika ratiba ya kuchunga nikaipigilia kwenye nguzo ya boma. Mbuzi waliila siku ya pili, nikaandika nyingine. Niliwatia ng'ombe namba masikioni, mbele ya mtu aliyewatambua gizani kwa kusikia wakitafuna. Nilimtaka Ledama aniripotie kila jioni, na yeye, mzee wa miaka karibu sitini, alisimama mbele yangu akaniripotia. Heri angenitukana, ningezinduka.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja mzee, mweupe, Ledama akimwita Naibor. Alikuwa amekauka maziwa. Kwa hesabu za kitabu changu alikuwa anakula bure, kwa hiyo siku ya soko nikampeleka Kajiado nikamuuza. Ledama aliporudi kutoka kisimani aliuliza, "Umemuuza Naibor?" Nikamweleza umri, uzito, majani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Siku ya tatu, asubuhi, aliegemeza fimbo yake mlangoni pangu akasema, "Sasa mwenyewe amerudi." Akaondoka kwa miguu na mkewe Roda, hakuchukua hata ndama. Nilipostaafu mimi, wanangu, yeye ndiye aliyefutwa kazi. Hakuna aliyempigia hema. Hakuna aliyemvika shuka. Siku ile nilimstaafisha ndugu yangu bila hata barua, na nikarudi ndani kunywa chai.

Ninyi niliwaambia nini? Niliwaambia Ledama alidai nusu ya kundi, nilipokataa akanilaani akaenda zake. Ni uongo. Nasema tena ili simu inase: ni uongo wangu mimi Sironka. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulijikunja ulivyotaka. Yvonne, siku ya harusi yako alikuja kutoka Ewuaso Kedong, alikohamia, na shanga alizotengeneza Roda, nawe ukampita bila kumpa mkono, kwa sababu ya maneno yangu. Nilikuwa nimesimama pale. Nilimwona akienda kukaa na wapishi. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na sikusema kitu.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Ukame ulipokuja nilitafuta maji kwa ramani na simu, na kundi likanikataa, maana Naibor ndiye aliyekuwa akitangulia na wenzake wakifuata, naye nilikuwa nimemuuza. Walilala chini mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nikiwanyanyua kwa mkia, mimi na madigrii yangu. Ndipo Ledama akatokea. Sikumwita. Alisalimia ng'ombe, akawapeleka milimani akawachunga miezi minne, na mvua iliponyesha akawarudisha mpaka langoni, akapokea maji ya kunywa na kurudi alikotoka, kuchunga mbuzi wa mtu mwingine kwa mshahara. Mlipokuja Krismasi mkakuta ng'ombe hai mkanisifu, mkanipiga picha nao. Nikatabasamu. Mwaka jana nilienda mpaka Ewuaso Kedong kumwomba msamaha, nikamwona kwa mbali nyuma ya mbuzi wale, nikakaa ndani ya gari mpaka akapita. Mficha maradhi, kilio humfichua. Chozi lilinitoka peke yangu mle ndani, na halikumsaidia mtu.

Maji, Yvonne. Kidogo tu. Asante, mama.

Basi shikeni hili. Siku zenu za kustaafu zikikaribia, pangeni yote mnayopanga, lakini kwanza ulizeni: mahali ninapoenda kupumzika, ni nani amekuwa akifanya kazi hapo? Muulizeni huyo kama kuna nafasi, nanyi mkaribishwe kama wageni, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lipokeeni kutoka mkononi mwake. Msije na lenu. Na msiogope kukaa bure. Mimi niliogopa kukaa bure, na hofu hiyo ilinigharimu ndugu.

Austin, wewe ndiwe utakayeenda Ewuaso Kedong. Si kesho kutwa, kesho. Usitume dereva. Usimwambie kwamba baba anaomba radhi, maana ukianza na kifo changu atasamehe kwa huruma kabla hajasikia kosa, na sitaki huruma. Mpe simu hii asikie yote, kisha umwache anyamaze anavyotaka. Mwenye kovu usidhani kapoa. Akikubali kurudi, watoeni ng'ombe zile namba masikioni kabla hajafika, na nyumba ile niliyojenga Kisaju aingie yeye na Roda. Akikataa kurudi, mpelekeeni ng'ombe wote huko huko, na wewe uwachunge njiani kwa miguu yako, usikie uzito wake.

Na nikifa... ngoja nivute pumzi... nikifa, mazishi yatahitaji dume wa kulisha watu. Msichague ninyi. Ledama aingie bomani peke yake achague. Akitoka akasema hakuna wa kuchinjwa kwa ajili ya Sironka, msimbembeleze, wageni wale maharagwe, nami mnizike kwa amani.

Sogeeni niwabariki, nanyi mniitikie Naai. Priscilla, shika bega langu, ulinivumilia kuliko ofisi. Mungu wetu Enkai awape kazi ya kuwachosha na mapumziko yasiyomfukuza mtu. Semeni Naai. Awape macho ya kumwona anayechunga mkiwa hampo. Semeni Naai. Amrudishe ndugu yangu katika... katika boma la baba yetu, na mumpokee kama mlivyonipokea mimi. Semeni... Nimesikia sauti za wanawake. Austin, mwanangu. Masikio yanakwenda. Wewe sijakusikia.